Mbuzi Aliyeuma Udongo

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa kinywa, na ndani yake?
Meno.
Ya nani?
Simulia tuyajue.

Basi fumbeni macho mwone. Bwawa limebaki moja tu lenye maji. Kando yake kuna kibuyu cha mbegu, kimetobolewa. Mbele ya kibuyu amesimama Mbuzi, peke yake, anashtakiwa.

Hapo kale wanyama walilima pamoja, na mbegu zao zilikaa katika kibuyu kimoja. Mlinzi alikuwa Nungunungu. Asubuhi hiyo mbegu zilikutwa zimeliwa, na Nungunungu akasema aliyetafuna kibuyu ni Mbuzi. Nyati, mkubwa wao, akaamuru Mbuzi afukuzwe bwawani. Kufukuzwa kiangazi kile kulikuwa kufa kwa kiu.

Mbuzi akasema, "Nitazameni kinywa."

Siku hizo kuchungulia kinywa cha mwenzako kulikuwa kukosa adabu. Punda Milia akageuza uso.

"Nitazameni kinywa." Twiga akatazama mawingu.

"Nitazameni kinywa." Nyati akafumba macho kabisa.

Mbuzi akapandwa na hasira. "Kunitazama mnaona haya, kuniua kwa kiu hamwoni?"

Akachota donge la udongo, akaliuma, akaliweka miguuni pa Nyati. Upande wa chini palikuwa na alama za meno manane. Upande wa juu ulikuwa laini kama ukuta uliosiribwa.

"Mzee Nyati, mbele huku juu sina meno, nina ufizi mgumu tu. Kibuyu kina alama mbili juu, mbili chini. Na wewe je? Pitisha ulimi."

Nyati akapitisha ulimi. Juu, mbele, hakuna kitu. Miaka yote hiyo hakujua.

Wote wakamgeukia Nungunungu. Akafumba mdomo, lakini meno mawili marefu yakabaki nje. Akakiri ndiye aliyeguguna kibuyu na kula mbegu: meno yake hayaachi kukua, asipoguguna yatamziba kinywa.

"Ungeomba mfupa wa kuguguna," Mbuzi akamwambia. "Ukaona heri nife mimi."

Wakampa mfupa mkavu, wakamvua ulinzi. Nyati akanong'ona, "Niwie radhi, Bibi Mbuzi."

"Sema kwa sauti ile uliyonifukuzia."

Nyati akarudia, hata ng'ambo ya bwawa wakasikia.

Hadithi yangu imefika ufizini: mwenye meno aitafune, kibogoyo kama mimi aimeze. Usimhukumu mtu kwa jambo ulilokataa kulitazama. Na nawaomba, wanangu, mkumbuke moja tu: mbuzi hana meno ya mbele juu.