Ukanda wa Hatua Ishirini

Mjane mmoja, jina lake Atuganile, alikuwa na nyumba ya nyasi, kishamba cha ngano, na mama mkwe kipofu. Moto ndio uliompofusha yule bibi, mwaka ule kijiji kilipozika watu kumi na mmoja kwa siku moja. Walipotoka makaburini wakala kiapo: kila kiangazi, kabla nyasi za mlimani hazijakauka, kila kaya italima kipande chake cha ukanda mtupu kati ya mlima na mashamba, upana hatua ishirini, pasibaki hata jani. Moto ukifika pale, ufe njaa.

Mkuu wa ukanda alikuwa Mwalwega. Shamba lake ndilo kubwa kuliko yote, nyumba yake ya bati, na pembe ya kuitia watu ilikaa kwake. Aliyechelewa kulima alitozwa mbuzi, na mbuzi huyo Mwalwega alikuja kumchukua mwenyewe.

Mwaka mmoja Mwalwega huyo huyo akapanda ngano kwenye kipande chake cha ukanda. Udongo mzuri vile uachwe bure?

"Moto gani?" akawauliza watu mkutanoni, akicheka. "Miaka thelathini sijaona hata cheche shambani kwangu!"

Hakuuona, bwana mkubwa, kwa sababu ukanda ulikuwapo! Lakini nani amwambie? Jirani zake wakatazamana, wakajiona wajinga kulima vumbi wakati mkuu wao anavuna. Msimu uliofuata wakapanda watatu. Uliofuata tena, tisa.

Atuganile alisimama akawaonya kwamba ukanda wenye tundu moja si ukanda, ni mlango.

"Shemeji, wewe una jembe moja na midomo saba," mmoja akamtania, na mkutano ukaishia kwenye kicheko. Akarudi kulima kipande chake peke yake, mama mkwe akitambaa nyuma yake, akipapasa udongo kwa vidole asije akaacha jani.

Kisha ndugu wawili wakagombea malisho kule juu, mmoja akachoma nyasi za mwenzake. Moto mdogo tu, wa kufia ukandani kama mingine yote. Safari hii, ukisukumwa na upepo, ulikuta ngano kavu imesimama mistari, kutoka mlimani hadi milangoni mwa watu. Ukapita kwa Mwalwega. Bati lake halikuungua. Kwa Atuganile, ambaye hakuacha jani, ukaja kwa nyuma, kupitia mashamba ya jirani. Yeye alikuwa kisimani. Alipofika mbio, paa lilikuwa limeshaanguka juu ya kitanda cha bibi.

Mazikoni Mwalwega alivaa koti jeusi, akanena kwa uchungu mwingi. Akasema upepo ule ni kazi ya Mungu, watu wasilaumiane.

Atuganile akainuka kwenye mkeka. "Baba, upepo ni wa Mungu. Ngano ile ilikuwa ya nani?"

Na juma lile lile wakaunda kamati ya ukanda mpya, mkuu wake Mwalwega, eti kwa kuwa pembe iko kwake.

Basi nyinyi mnaowapigia makofi wakubwa wa dunia wanapochana mapatano ya amani, mkisema vita viko mbali: nyumba zenu mmeziezeka kwa kitu gani, bati au nyasi?