Taa Mbili, Betri Moja

Alikuwepo kinyozi mmoja, na jirani yake fundi cherehani, mama mjane. Walipanga fremu mbili sokoni, zimegawana ukuta, hazina dirisha hata moja. Mchana kweupe, ndani giza. Wakachangia betri moja ya gari na balbu mbili ndogo. Umeme ulitoka kwenye betri, ukapita kwenye balbu ya kinyozi, ukaendelea hadi ya mjane, ndipo ukarudi. Nguvu iligawanyika sawa, na kila mmoja akaona kazi yake.

Kinyozi akaanza kunung'unika kwamba mwanga haumtoshi. Siku moja mama alipokwenda kununua nyuzi, jamaa akaingia kwenye fremu yake na kipande cha waya wa shaba, mnene, usio na ganda. Akakiunganisha kutoka mguu mmoja wa balbu ya mama wa watu hadi mguu wa pili. Basi. Hakukata kitu, hakubeba kitu.

Wapendwa, umeme ukifika pale unakuta njia mbili. Moja ni ule uzi mwembamba wa balbu, unaoubana na kuufanyisha kazi. Nyingine ni waya usiouzuia kwa lolote. Mnadhani utapita wapi? Ulipita wote kwenye waya. Balbu ya mjane ikazimika ikiwa nzima kabisa, na ya kinyozi ikawaka kuliko siku zote.

Mama akarudi. Akawa anapinda marinda ya sare za shule kwa kupapasa, sindano ikamwingia kidoleni. Wateja wakaanza kuchukua vitambaa vyao. Akaenda kwa jirani.

"Kaka yangu, kwangu giza. Kwako vipi?"

"Kwangu Mungu ametenda, dada. Wewe ongeza maombi."

Ongeza maombi! Mtu amekuzima kwa mkono wake, halafu anakufundisha kuomba. Na mama aliomba kweli, gizani mle, mpaka mteja wa mwisho alipoondoka na kitambaa chake. Akafunga fremu, akabeba cherehani, akaenda zake.

Naona mnavyonitazama. Mnasubiri niwaambie kwamba balbu ya kinyozi ilizidiwa ikaungua, ili twende nyumbani na amani. Haikuungua. Aliibadilisha mapema, akaweka ya kuhimili nguvu yote. Inawaka mpaka leo, na kila Jumapili anasimama mbele ya watu kutoa ushuhuda.

Anasimama wapi? Hapa hapa. Kinyozi ni sisi! Ukumbi huu ulipojengwa, tulikuwa na mafundi humu ndani wanaolala njaa. Kazi ilikwenda kwa nani? Kwa shemeji, kwa rafiki, kwa wale wasiotusumbua kwa maswali. Hatukumfukuza mtu, hatukumtukana mtu. Tuliwapitia pembeni tu, kisha tukawaambia wavumilie. Nina hasira, na sitaomba radhi kwa hasira hii.

Leo sitaki kumsikia mtu akishukuru kwa mwanga alionao. Ukitoka, usinipe mkono mlangoni. Nenda kwa yule uliyemzima, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe ulichomfanyia.

Hatuimbi. Nendeni.