Kuku Aliyeota Mtama Unatembea

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nani?

Na kuku, na aliyempenda, na aliyemtamani.

Basi tegeni sikio. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na watu wakiwajibu, alikuwako mama mmoja akiitwa Bi Mafunda. Mumewe alikuwa Mzee Shaame. Mtoto hawakujaaliwa, ila Bi Mafunda alikuwa na kuku wake wa kishingo, shingo tupu bila manyoya. Akimwita mwanangu, na kuku akimwita mama.

Siku moja kuku akaamka hana raha. Kilemba kimepauka, mabawa yanaburuzika, macho yanajifumba mchana kweupe. Akatupiwa mtama, akaukimbia. Kuku kukimbia mtama, mmeona wapi nyie?

Bi Mafunda akamuuliza ana nini. Kuku akasema ni usingizi tu, kila akilala anaota mtama unatembea.

Hiyo homa, mama akawaza, na dawa ya homa ni kulala. Jua halijatua akambeba, akamtia kizimbani, akafunga mlango kwa kijiti. Kuku akaimba humo ndani:

*Mama usinilaze,*
*mtama unatembea,*
*mtama unanila mie.*

Wimbo ukamlegeza Bi Mafunda viungo. Naye akalala, akaota yuko katika konde la mtama, na konde lenyewe linasogea polepole, linamwacha.

Kulipokucha akamuuliza Mbuzi. Mbuzi, ambaye maradhi anayoyajua ni ya tumbo, akasema ni tumbo, apewe majani. Kuku akapewa majani, akalazwa mapema zaidi. Akaimba vilevile.

Siku ya tatu akamuuliza Bata. Bata akasema ni joto, aogeshwe. Kuku akaogeshwa, akalazwa mapema kuliko jana. Akaimba vilevile, ila sauti imekuwa nyembamba.

Siku ya nne kuku hasimami. Mzee Shaame akaanza kunoa kisu. Msimlaumu, hakuwa mtu mbaya. Alisema kuku akijifia ni kibudu, haliwi, na kesho asubuhi asipoonekana na nafuu atamchinja. Bi Mafunda alikwenda nyuma ya nyumba akalia.

Huko alikuwako Nguchiro, kajibanza penye ua wa makuti, mpole kama bwana harusi. Akampa pole, tena akampa na shauri: huyu kuku amekosa hewa, usiku wa leo asilale kizimbani, alazwe hapa nje.

Bi Mafunda alikuwa na majonzi, hakuwa na upumbavu. Tangu lini nguchiro akamwonea kuku huruma? Akamshukuru kwa adabu. Magharibi ilipoingia akamchukua kuku wake, akamlaza ndani, kikapuni, kando ya kitanda. Ikiwa ndio usiku wa mwisho, alijisemea, basi tulale pamoja. Kizimba akakiacha wazi.

Kuku hakuimba. Alitia kichwa chini ya bawa, akaota mvua.

Nguchiro naye akazunguka uani, kuku hamwoni. Akaona kizimba ki wazi, akaingia kumngojea. Akangoja, akangoja, usingizi ukampitia.

Alfajiri Bi Mafunda akaamshwa na wimbo. Akageukia kikapu. Kuku kalala fofofo, mdomo kaufumba. Wimbo unatoka nje:

*Jamani nimelala wapi,*
*mtama unatembea,*
*mtama unanila mie.*

Mara Nguchiro akachomoka kizimbani, anajikuna, anajigaragaza mavumbini, akatokomea. Mzee Shaame kasimama na kisu chake, haelewi. Bi Mafunda alielewa. Alitia mkono kizimbani, kwenye nyufa za fito, akautoa. Mkono umejaa utitiri, vidudu vyekundu vilivyoshiba damu, vinatembea kama mtama uliopata miguu.

Akakaa chini palepale.

"Mwanangu," alisema, "kila siku uliniambia. Nami nikakufungia humo, nikakuambia pumzika."

Kuku alikuwa amefika mlangoni, anayumba. "Mama, mimi ulinitazama sana," akasema. "Kitanda changu hukukitazama."

Bi Mafunda akampakata, akalia kwa aibu na kwa furaha, vyote pamoja.

Kisu cha Mzee Shaame kikapata kazi nyingine, kikakata kamba za kizimba. Fito zikachomwa moto, kikajengwa kipya, kikafukizwa majani ya mwarobaini. Kuku akapakwa jivu, akawekwa juani, na siku baada ya siku kilemba kikarudia wekundu wake. Nguchiro yeye hadi leo hulala shimo hili, kesho akahamia lile. Hakiamini kitanda chochote.

Kwa hiyo, wanangu, mgonjwa akikusimulia ndoto yake, usimwambie alale. Kwanza tia mkono wako pale unapotaka kumlaza.

Ngano nimeitia kizimbani, mlango nimeufunga. Iliyemkaa moyoni alale nayo, na isiyemkaa anirudishie mwenyewe.