Kihenge Kirefu cha Bwana Nyati

Hapo zamani za kale, watoto, nyati walipokuwa bado wakishika jembe, Bwana Nyati alilima shamba la mtama pamoja na jirani yake Pimbi. Nyati jitu la mapembe! Pimbi kinyama kidogo tu, hafiki hata gotini kwake.

Mwaka uliotangulia Nyati alizoa mavuno yote. Watoto wa Pimbi walilala njaa.

Safari hii, mtama ulipokwisha kurundikwa uwanjani, Pimbi akaja na mikeka miwili. Twiga, aliyeitwa kuwa shahidi, akalaza mmoja juu ya mwingine. Sawa kwa sawa!

"Bwana mkubwa," akasema Pimbi, "kila mtu akunje mkeka wake uwe kihenge. Mtama utakaoingia, ndio fungu lake."

"Haya! Lakini changu kiwe kirefu!"

"Kirefu hasa, bwana! Ndiyo hadhi yako."

Nyati akausimamisha mkeka wake wima, akaukunja. Lo! Kihenge chembamba, kimempita mapembe. Pimbi akaulaza wake ubavu, akaunganisha ncha. Kikatokea kihenge kifupi, kipana, kimekaa kama chura aliyeshiba.

Mama Pimbi akashika kichwa. "Baba Watoto, umerogwa? Kifupi hivi?"

"Mimina, mke wangu, mimina!"

Shwaaa! Shwaaa! Mara kihenge cha Nyati kikafurika.

"Changu kimejaa kwanza! Nimeshinda!" Nyati akarukaruka, puu! puu! mpaka ardhi ikatikisika. "Chako je?"

"Bado kidogo, bwana mkubwa."

Shwaaa!

"Na sasa?"

"Bado."

"Maskini! Kihenge chako kina njaa kuliko wanao!" Nyati akacheka, kwa-kwa-kwa! Akaanguka chali, akagaragara, miguu juu.

Alipoinuka, uwanja mweupe. Hata punje moja!

"We! Mtama wote umekwenda wapi?"

"Umo humu," akasema Pimbi, akikipiga kihenge chake, bum! bum!

"Mwizi! Mkeka wako mkubwa!"

"Mikeka ni sawa," akasema Twiga. "Nimeipima mwenyewe, nawe ukiona."

Nyati akakodoa macho. "Sasa... umeufanya nini?"

"Nimeukunja tu, bwana. Wewe ulitaka urefu, mimi nikachukua tumbo."

Watoto wa Pimbi wakapiga vigelegele, wakatumbukia ndani ya mtama, chubwi! chubwi! mpaka yakabaki masikio tu.

Basi nanyi, wanangu, mkichagua chombo msitazame urefu tu, tazameni na upana wake.