Mtu Aliyehesabu Wasiozaliwa

Wapendwa, chini ya jua kuna kazi za kila namna, lakini mtu ninayetaka kuwaambia habari zake leo alikuwa na kazi ya ajabu kidogo. Alilipwa mshahara kuhesabu watu ambao hawajazaliwa.

Msicheke. Kazi hiyo ipo, na ina maana. Wakubwa wa wilaya wanataka kujua leo, watoto wetu wakishaoa na kuolewa, watu watakuwa wangapi na watakaa wapi, ili shule ijengwe mahali pake na bomba lipite mahali pake. Basi mtu huyu alichukua sensa ya zamani na sensa mpya, akatazama nani anazaa, nani anakufa, nani anafunga mizigo, kisha akakadiria. Na alikuwa fundi kweli. Akisema mtaa fulani utajaa, unajaa. Wenzake ofisini walimtania kwamba anajua mimba kabla ya mwenye mimba.

Sasa katika wilaya yake kulikuwa na vijiji viwili vinavyotazamana, mto umepita katikati. Kimoja tukiite Bondeni, kingine Mlimani. Mnaijua desturi yetu: wananchi wanafyatua tofali, wanasimamisha boma la zahanati, yaani kuta zisizo na paa, kwa nguvu zao, halafu serikali inaleta mabati. Vijiji vyote viwili vilikuwa vimeshasimamisha boma. Mabati yaliyokuwepo yalitosha boma moja tu. Mkurugenzi wa wilaya akamwita mtaalamu wetu, akamuuliza ayapeleke wapi.

Mtaalamu hakusitasita. Bondeni ardhi imechoka na vijana wanakimbilia mjini. Mlimani kuna mvua, kuna migomba, kuna watoto.

"Bondeni, mheshimiwa, miaka michache tu ijayo watabaki wazee na mbuzi," alisema. "Mabati yaende Mlimani."

Lori likapakiwa. Lakini Mungu si Athumani. Lori linafika mtoni, mvua imeshalichukua daraja. Dereva akatazama maji, akatazama mzigo, akakumbuka kwamba kwake kuna watu wanamngoja. Akayashusha mabati Bondeni kwa mwenyekiti wa kijiji, yatunzwe mpaka daraja litakapotengenezwa. Ndugu zangu, ukimwachia mwenye njaa sufuria ya wali akutunzie, utaukuta? Daraja lilipokuwa tayari, mabati yalikuwa juu ya paa, yamepigiliwa misumari, na ndani wameshaweka kitanda cha kujifungulia. Mkurugenzi aligomba mpaka akachoka, mwisho akampeleka muuguzi.

Miaka ikapita, sensa nyingine ikaja. Bondeni, pale pa wazee na mbuzi, pamejaa watu. Kuna maduka, kuna mashine ya kusaga, na shuleni watoto wanabanana kwenye madawati. Mlimani, penye mvua na migomba, nyumba nyingi zimefungwa na nyingine zimeanza kuanguka.

Mkurugenzi akamwita tena mtaalamu wake. "Bwana makadirio, wale mbuzi wako wa Bondeni wanaomba shule ya pili. Niwajibu nini?"

Ofisi nzima ikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa hajawahi kukosea namna ile, na aibu ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Hakulala vizuri. Aliamini kuna hesabu ameikosea mahali, na akiipata atapumua.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Akaenda Bondeni mwenyewe kulitafuta kosa lake. Kwenye benchi la zahanati akamkuta mama mmoja ana mtoto mgongoni na mwingine tumboni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ni mwenyeji wa hapa?"

"Hapana, mimi wa Mlimani. Nimeleta mtoto chanjo."

"Mlimani kuna ardhi nzuri sana. Mbona watu mnahama?"

"Ardhi nzuri haichomi sindano, baba," yule mama akasema, akamweka mtoto vizuri mgongoni. "Masika mto ukijaa maji yanafunika daraja, hatuvuki. Mwaka jana jirani yangu uchungu ulimshikia ukingoni, tukamzalisha kwenye matope. Mume wangu anasema tuhamie huku. Mimi migomba ile nimeipanda kwa mikono yangu, siwezi kuiacha hivihivi. Boma letu bado limesimama. Sasa wewe mtu wa serikali niambie ukweli: mabati yanakuja au hayaji? Tungoje au tuhame?"

Mtaalamu alimtazama. Hapo alielewa, maana hakuwa mjinga. Hesabu zake hazikuwa na kosa. Watu walikuwa wamefuata paa, na paa liende wapi, yeye mwenyewe ndiye anayeulizwa.

"Ngojeni kidogo, mama," akamwambia. "Tutaona takwimu zinasemaje."

Akarudi ofisini. Mezani palikuwa na kazi mpya ya makadirio, na safari hii mabati yalikuwepo tena. Akafika kwenye jina la Mlimani, mkono ukasimama. Alimkumbuka yule mama, nawaambia kweli, na roho ilimuuma. Akisema wapewe mabati, huenda wangerudi. Huenda. Na wasiporudi je? Atachekwa mara ya pili, na mtu wa makadirio akichekwa mara mbili amekwisha. Takwimu zilikuwa mbele yake, wazi kabisa: kila mwaka watu wa Mlimani wanapungua.

Basi akaandika: "Mlimani inakwisha watu. Isipelekewe kitu."

Yule mama alingoja. Akangoja mpaka masika, na mimba ikazidi kuwa nzito, kisha akaing'oa milango ya nyumba yake na kuondoka. Sensa iliyofuata ilikuta Mlimani hakuna mtu. Mtaalamu hakuwa amekosea hata kidogo. Walimpigia makofi, wakampa cheti, na kila mtu akasema sasa fundi wetu amerudi.

Wapendwa, mtu huyu alisema uongo? Hakusema. Kila alichokiandika kilitokea. Nauliza tu, kilitokea kwa sababu alikiona, au kwa sababu alikiandika?

Msiharakishe kumhukumu, kwa maana na sisi tunakadiria. Hatuna ofisi, lakini kazi tunaifanya, na tunaifanya bure. Mtoto wa kwanza ana akili, huyu mpelekeni shule. Huyu wa pili ni mzito, ada yake itapotea bure. Miaka kumi baadaye tunamwonyesha kidole huyo wa pili: mnaona, hana maisha! Binti fulani ndoa yake haidumu. Basi hatuendi kumsuluhisha, na isipodumu tunaramba midomo. Tunapenda sana kusema "mimi nilisema." Tunalipenda neno hilo kuliko tunavyompenda mtu tuliyemsema.

Kuna kijana wa hapa kwetu alitoka gerezani mwaka juzi. Mnamjua. Siku alipokanyaga mlango huu tulitazamana, na kila mmoja akakadiria kimoyomoyo: huyu atarudi tu huko. Tulikuwa tunajenga ukuta wa kanisa wakati ule, na vibarua tulitafuta mtaa wa pili. Hakuna aliyemwita abebe hata tofali moja. Akakaa, akazurura, akaiba kuku, akarudi gerezani. Na Jumapili ile, pale nje, nilisikia kwa masikio yangu watu wakipeana mikono na kusema: si tulisema?

Kifungo chake kinakwisha mwezi ujao. Mama yake yumo humu ndani, na amenipa ruhusa niseme. Tangu asubuhi amekaa hapo anatutazama nyuso zetu, mmoja mmoja, ajue tumeshamkadiria nini mwanawe.