Ufunguo Mmoja wa Bondeni

Hadithi ninayo, ila mwisho sina. Nimeutafuta tangu juzi, chai inapoa mezani siioni. Basi nitafutieni nyinyi.

Mtaa wa Bondeni waliishi watu watatu. Bi Mwajabu alikuwa na moyo wa kutoa. Fundi Kilindo aliyajua maji na njia zake. Mwantumu, muuza vitumbua, alikuwa king'ang'anizi. Akishika jambo haachii.

Halmashauri ya mji ilitaka kujenga nyumba za bei nafuu, ila haikuwa na ardhi. Bi Mwajabu akatoa kiwanja chake, urithi pekee aliokuwa nao. Nyumba yake ya udongo ikabomolewa, naye akahamia kibarazani kwa dada yake.

Ardhi ikapatikana, kumbe chepechepe. Kila msingi ukimwagwa, unatitia. Wahandisi wakakunja ramani zao. Kilindo akachimba mitaro masika yote bila ujira, hadi pakakauka. Kazi zake nyingine zikachukuliwa na wenzake, na mwenye nyumba akamtolea kitanda nje.

Pamekauka, jalada la ujenzi likapotea. Kila Jumatatu Mwantumu alikwenda ofisini kuliulizia. Akiambiwa njoo kesho, anakuja kweli. Mara ya kumi na tisa walilipata, nadhani ili awaache wapumzike tu. Kufikia hapo wateja walishamhama, na chumba alichopanga kilikuwa na mtu mwingine.

Waliahidiwa nyumba tatu, kila mtu yake. Fungu likakatwa huko juu, ikasimama moja: chumba kimoja na jiko. Hapo ndipo ninapokasirika.

Afisa nyumba, Bi Stamili, akawaita Ijumaa. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja. Wasipokubaliana hadi saa kumi alasiri, nyumba itauzwa kwa mwenye uwezo. Dalali alishamleta mnunuzi, na huyo mnunuzi alikuwa anapima dirisha la kutundikia pazia.

"Bila ardhi yangu mngejenga hewani?" akauliza Bi Mwajabu.

"Na bila mitaro yangu lingekuwa bwawa," akasema Kilindo.

Mwantumu hakuwatazama. "Mnanijua. Mimi sitoki hapa."

Bi Stamili akawakumbusha kwa upole kwamba saruji na mabati ni ya serikali, yaani ya mji mzima, na mji mzima umejaa wapangaji.

Sasa ni saa tisa na nusu. Ukisema waishi pamoja, chumba ni kimoja. Ukisema iuzwe, wote watatu leo watalala nje, na mvua imeshaanza. Ukisema serikali ijenge nyingine mbili, nakuunga mkono, lakini fomu inangoja jina sasa hivi.

Mmoja ametoa ardhi, mmoja ameikausha, mmoja amelifukua jalada. Na nyinyi wenye nyumba za kupangisha, msicheke, nawaona.

Je, kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?