Mtoto wa Doria Apewe Nani?

Sogeeni, maana mwisho wa habari hii nitawaachia ninyi kazi.

Paskalina, mjane wa kijiji cha walima vitunguu, alikuwa na watoto watatu wakubwa. Gwandu alikuwa na macho yasiyopitwa na kitu. Martha alikuwa na mbio. Sulle alikuwa na kifua cha kumzuia fahali. Paskalina alikuwa pia na mbwa jike, Doria, mlinzi wake tangu afiwe na mume.

Mwaka huo mbwa wa kijiji walidhoofu, wakakataa kula, wakatokwa damu puani. Watu wakasema ni kichaa. Asubuhi moja wanaume wakaanza kupita nyumba kwa nyumba na marungu. Paskalina alisikia mbwa wa jirani akilia, kisha kishindo, kisha kimya. Akamtazama Doria aliyelala mlangoni, pua ikichuruzika damu, akanyoosha mkono achukue kamba amtoe nje mwenyewe.

Gwandu akamzuia. Alipiga magoti, akafunua masikio ya mbwa, akatenganisha vidole vya miguu. Kupe walikuwa wamejazana humo, wamevimba kama mbegu za mbarika.

“Mama, hiki si kichaa. Hii ni homa ya kupe, na ina dawa.”

Martha hakungoja zaidi. Daktari wa mifugo alikaa ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umefurika. Aliingia majini, maji yakampiga kwenye mawe, akatokea upande wa pili paja limechanika, akaendelea kukimbia.

Wanaume wakafika. Sulle akasimama mlangoni.

“Toka, Sulle. Utatuulia watoto.”

“Daktari anakuja. Msubirini.”

Hawakusubiri. Rungu la kwanza lilimpata begani, la pili mdomoni. Akainua mkono kujikinga, na Paskalina, akiwa ndani amemkumbatia Doria, akasikia mfupa wa mwanawe ukivunjika. Sulle alianguka, akajilaza kizingitini. Waliendelea kumpiga hapohapo hadi pikipiki ya daktari, iliyozunguka kwenye daraja la mbali, ilipoingia uani, Martha nyuma yake.

Daktari alimpima mbwa, akawaambia ukweli. Wanaume wakashusha marungu yao. Nje walilala mbwa kumi na tisa, waliouawa bure.

Doria alipona. Mwaka uliofuata alizaa mtoto mmoja tu, na wote watatu wakamtaka.

“Bila mimi, Mama, ungemtoa mwenyewe,” alisema Gwandu.

“Kujua ugonjwa hakuponyi,” alisema Martha. “Dawa niliileta mimi.”

Sulle alikuwa wa mwisho. Mkono wake ulikuwa umeunga vibaya, hashiki tena jembe.

“Dawa ingemkuta maiti,” alisema.

Paskalina alimpakata yule mtoto wa mbwa, akawatazama wanawe mmoja mmoja, asiweze kutamka jina.

Haya, mliosikia yote. Je, ungekuwa wewe ndiye mama yao, ungemkabidhi nani?